Tulivyomfuata Sista Haruko Kanazawa

Tangu turudi, kila anayenikuta kanisani au kwenye maegesho ya fleti zetu hapa Newburg, Louisville, ananiuliza swali lile lile: "Enhe, alimkumbuka mama yenu?" Nikianza kujibu, mtoto analia, simu inaita, mtu anawahi shifti, na habari inakatikia njiani. Kwa hiyo nimeamua kukaa chini niwaandikie yote kwa mpango, hatua kwa hatua. Mambo ya tiketi na pasi nayaruka, hayana utamu hata kidogo.

Kwa wasiotujua vizuri: mama yetu wengi mnamwita Mama Diyo, na Diyo ni mimi. Sisi ni Warundi tuliokulia kambini, upande wa Kasulu, Kigoma. Mdogo wangu anaitwa Haruko. Najua wengine huwa mnadhani ni jina la utani. Siyo. Alipozaliwa, mama alikuwa na uchungu tangu juzi yake, mvua za masika zimekata barabara, gari la wagonjwa halitoki. Hospitali ya kambi ilikuwa na nesi mmoja wa kujitolea kutoka Japani, tukimwita Sista Haruko. Baada ya kujifungua mama alitokwa na damu nyingi, na ya akiba haikuwepo. Sista akajilaza kitanda cha pembeni akatoa yake. Mimi nilikuwa na miaka saba, nimechutama nje chini ya turubai. Nilimwona akitoka, amebana pamba kwenye mkono, akaniambia, "Mama mzima. Umepata mdogo, msichana." Baba alikuwa ameshafariki. Mama akampa mtoto jina la yule aliyempa damu.

Tangu hapo mama husema ndugu zake wa damu waliobaki duniani ni watoto wake wawili na Mjapani mmoja. Mwaka jana ndipo tukapata habari kwamba Sista yu hai, anaishi peke yake Kanazawa, mji wa kale ulioko upande wa pili wa kisiwa ukitokea Tokyo. Mpwa wake ndiye tuliyeongea naye kwa simu. Alisema shangazi atafurahi kutupokea, lakini mwisho wa juma tulilopanga kufika anahamia nyumba ya wazee, kwa hiyo tusichelewe.

Tukachelewa.

Louisville hadi Columbus

Ndege yetu ilikuwa inaondokea Toronto, kwa sababu Haruko anaishi Buffalo na kutoka kwake ni kuvuka mpaka tu. Mimi na mama tukatoka Louisville na gari langu asubuhi, mama amevaa koti juu ya kitenge na ameshikilia mfuko wa karanga alizokaanga mwenyewe. Hakuuweka mfuko ule kwenye buti hata nilipomwomba.

Columbus tulisimama kwa Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira ambaye zamani alikuwa jirani yetu hapa Louisville, mtaa wa Iroquois, kabla hajafuata kazi ya ghala. Alikuwa ametupikia kama watu kumi wanakuja.

"Bon, Mama Diyo," akasema tukiwa tunanawa mikono, "munaenda kuchukua gari ya namna gani?"

"Gari gani?" mama akashangaa.

"Si munaenda ku Japon? Kule kunatokaka magari. Siye Uvira tulijuaka Japon juu ya magari tu."

"Tunaenda kumwona mtu."

"Mutu? Ku Japon?" Mama Furaha akacheka mpaka akashika meza.

Mama akamsimulia habari ya masika, ya kitanda cha pembeni, ya damu. Kicheko kikaisha. Mama Furaha alisimama, akaenda jikoni, tukasikia vifuniko vya masufuria. Akarudi na bakuli la sombe, yaani kisamvu, limefungwa vizuri kwa mfuko.

"Donc huyo ni famille," akasema. "Mumupelekee, mumuambie ni ya Mama Furaha."

Hakutaka kusikia kwamba chakula kile hakiwezi kupanda ndege. Mama alikipokea kwa mikono miwili na kumshukuru.

Buffalo

Sombe ile tuliila Buffalo, tena siku mbili mfululizo, kwa sababu theluji ya ziwani ilishuka usiku ule na asubuhi magari yote ya mtaa wa Haruko yalikuwa vichuguu vyeupe. Barabara ya kwenda mpakani ikafungwa. Ndege ikaondoka bila sisi, tukapangiwa ya siku nyingine.

Haruko anafanya kazi ya kuwahudumia wazee. Ni hodari, mpole kwa wagonjwa wake, lakini nyumbani ana ulimi mkali. Mama huongea naye Kiswahili, naye hujibu kwa Kiingereza, na wote wawili wameshazoea.

Siku ya pili ya theluji mama alikuwa amesimama dirishani akihesabu kwa vidole siku zilizobaki kabla Sista hajahama. Haruko akasema, kwa Kiingereza chake, "Mama, na kama hakukumbuki?"

"Asinikumbuke vipi? Damu yake imo humu," mama akajigusa kifua.

"Mimi nina wazee wapya kila mwezi. Wa mwaka juzi siwakumbuki majina."

"Wewe uliwapa damu?"

Baadaye, mama akiwa anaoga, Haruko aliniambia kwamba tangu shule amekuwa akieleza jina lake kwa watu, na kila akieleza anajiona kama anasimulia deni la mtu mwingine. "Nakwenda kwa ajili ya mama," akasema. "Huyo bibi mimi simjui."

Theluji ilipokatika, jirani yake alitusaidia kuchimbua gari, tukavuka.

Toronto, Tokyo, na treni

Kwenye ndege mama alisali wakati wa kupaa, akalala, akaamka akauliza kama tumefika. Tulikuwa bado juu ya Kanada. Tokyo nayo sikuiona, nilichoona ni ngazi za umeme na watu wanaotembea haraka bila kugongana.

Treni ya kwenda Kanazawa ilitoka kwa wakati wake barabara, na humo ndani ilikuwa kimya kama ibada haijaanza. Mama aliingia akiwasalimu watu, kiti kwa kiti, "Hamjambo, hamjambo," mpaka Haruko akamvuta kitenge.

Upande wa pili wa njia alikaa mzee mmoja mwenye kofia. Alimwona mama akimenya karanga akatabasamu. Kwa mama hilo lilitosha. Akammiminia karanga viganja viwili. Mzee akainama, akafungua mkoba wake, akampa mama machenza matatu. Mama akaona si vizuri kupokea vingi kuliko alivyotoa, akaongeza karanga. Mzee akatoa biskuti za mchele. Mama akatoa pipi za Haruko. Mzee akahangaika kwenye mkoba, akatoa taulo dogo jipya, bado kwenye karatasi yake.

"Mama, basi," Haruko akamnong'oneza, safari hii kwa Kiswahili. "Ukiendelea atatoa koti."

Mama akacheka, mzee akacheka bila kujua tunacheka nini, na milima yenye theluji kileleni ikapita dirishani. Mzee aliposhuka, alisimama kwenye jukwaa la kituo akainama mpaka treni ikaondoka.

Nyumba ya wageni

Tulifikia nyumba ya wageni ya kizamani, ya mbao, kwenye kichochoro karibu na mto. Mwenye nyumba, mama wa makamo aliyevaa aproni nyeusi, alikuwa anatungojea mlangoni. Alitutazama sisi, akatazama nyuma yetu, akatutazama tena. Akatoa simu inayotafsiri, nayo ikasema kwa Kiingereza: "Namsubiri mgeni wangu, Bi Haruko. Je, yuko nyuma yenu?"

Haruko akainua mkono kama mwanafunzi.

Yule mama alifunika mdomo kwa aibu, kisha akacheka, kisha akaomba radhi, yote kwa pamoja. Halafu akauliza kitu kingine kupitia simu. Jina hilo linaandikwaje? Kwao Haruko huweza kuandikwa kwa alama tofauti, na kila alama ina maana yake. Ni Haruko yupi?

Mdogo wangu akamwonyesha pasi yake, yenye herufi zetu tu. Aliniambia baadaye kwamba wenye kumuuliza kwa nini ana jina lile ni wengi, lakini yule alikuwa wa kwanza kumuuliza maana yake.

Chumbani hamkuwa na kitanda. Mikeka minene ilitandazwa ukuta kwa ukuta, na ilinukia majani makavu. Mama alivua viatu kabla hajaambiwa, akakaa chini, akanyoosha miguu, akavuta ile harufu. "Mmenirudisha nyumbani kwetu," akasema. Chakula cha jioni kililetwa kwenye visahani vingi, kila kimoja na kitu kidogo kilichopangwa kama ua. Samaki wabichi mama aliwasogeza kwangu kwa adabu. Wali aliumaliza, akaomba mwingine.

Asubuhi mjini

Sista alikuwa anatungojea mchana, kwa hiyo asubuhi tulitembea. Mvua ndogo ilikuwa inanyesha, ya kuanza na kukoma, kuanza na kukoma. Tuliingia mtaa wa zamani walikokaa askari wa mabwana wa kale. Vichochoro vyembamba, mfereji wa maji safi unapita kando, na pande zote mbili kuta ndefu za udongo wa rangi ya kahawia, zimeezekwa vipaa vidogo juu.

Mama akasimama. Akavua glavu, akapitisha kiganja ukutani.

"Wamechanganya na majani," akasema. "Angalieni. Hawa walijua kukandika."

Nikamkumbuka kambini, udongo mpaka kwenye viwiko, akikandika nyumba yetu ya kwanza wakati wanawake wengine wakimpokeza madongo na kuimba. Watalii walitupita wakipiga picha. Mama aliendelea kuupapasa ule ukuta, akakuta sehemu yenye ufa, akatikisa kichwa kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake.

Kwenye bustani kubwa karibu na ngome tuliona misonobari iliyofungwa kamba nyingi kutoka juu ya mlingoti, kila tawi na kamba yake, ili theluji isiyavunje. Haruko aliitazama kwa muda. "Buffalo wanaacha tu ivunjike," akasema.

Halafu sokoni. Tulipita kaa wekundu na samaki ambao sijui majina yao, na ghafla mama akanishika mkono. Mbele yetu palikuwa na sinia la samaki wadogo, wakavu, wenye rangi ya fedha.

"Ndagala!" mama akasema kwa sauti iliyomfanya muuzaji aruke.

Ni dagaa kabisa. Aliinama akawanusa, na alipoinuka macho yalikuwa yamelowa. Muuzaji akadhani amemuudhi, akaanza kuinama na kuomba radhi, na mama naye akaanza kuinama kumwomba radhi yeye. Tuliondoka na mfuko mkubwa.

Kwa Sista

Nyumba yake ilikuwa mwisho wa kichochoro, nyembamba, na masanduku ya kuhama yamepangwa ukumbini. Mlango ukasukumwa kando, na hapo akasimama bibi mdogo, mgongo umepinda, nywele nyeupe zimekatwa fupi.

"Hodi!" akasema kwa sauti kubwa.

Alikuwa amechanganya. Mama akacheka, akamjibu, "Karibu, Sista!" Na wote wawili wakabaki wakicheka pale mlangoni, mgeni akimkaribisha mwenyeji ndani ya nyumba yake.

"Kiswahili changu kimeshika kutu," Sista akasema. "Hapa hakuna mtu. Naongea na sufuria."

Tulipokaa, mama akapangusa mikono kwenye kitenge. Nilijua amesubiri kuyasema maneno yale kwa miaka mingi.

"Sista, ni mimi. Mama Diyo. Yalikuwa masika, barabara imekatika. Nilimzaa huyu. Ukanipa damu yako."

Sista akamtazama. Akamtazama mpaka mimi nikaangalia chini. Kisha akaweka mikono miwili juu ya mkeka na kuinamisha kichwa.

"Samahani sana, mama. Sikukumbuki."

Haruko alinigusa akaniambia kwa Kiingereza, polepole, kwamba anaomba tuondoke, kwamba hawezi kumwangalia mama. Lakini mama hakutikisika.

"Ulikuwa unatoa mara nyingi?" akauliza.

"Damu yangu iliwafaa wengi," Sista akasema. Alikuwa anatafuta maneno moja moja, kama mtu anayeokota mchele chini. "Mama akipona, anabeba mtoto, anakwenda zake. Kitanda kinaingia mwingine. Waliopona wote waliondoka. Waliokufa, hao walibaki na mimi. Hao nawakumbuka. Sura zao, mama zao, kanga walizovaa mama zao. Nilirudi Japani na hao. Miaka yote nafikiri, mimi nilikwenda kule kuzika tu."

Mama alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akamshika mdogo wangu, akamvuta mpaka mbele.

"Huyu hukumzika," akasema.

Haruko alikuwa amepiga magoti. Yeye anayejibu karibu kila kitu kwa Kiingereza, sijui neno lile alilitoa wapi. Akasema, "Shikamoo."

"Marahaba," Sista akajibu, na hapo ndipo akalia. Lakini hata akilia hakumkumbatia. Alimshika kifundo cha mkono, akaweka vidole viwili pale mshipa unapopiga, akageukia saa ya ukutani, na akahesabu. Tulingoja. Alihesabu dakika nzima.

"Mzuri," akasema. "Mzuri sana."

Baada ya hapo hakuna aliyeharakisha. Haruko alimuuliza jina lao linaandikwaje, na Sista akamchorea kwa kidole kwenye kiganja. Kuna Haruko wa majira ya maua, akasema, lakini wa kwake ni wa anga linapokuwa jeupe baada ya mvua. Mama akasema kwa masika yale, hilo ndilo lenyewe. Mimi nilitumwa jikoni na mfuko wa sokoni. Sista alipoona kilichomo akapiga makofi.

"Dagaa! Mimi kila mwaka nanunua hawa. Watu wa hapa wanachemsha, wanatoa supu, wanatupa samaki. Mimi nakula samaki, natupa supu! Majirani wanafikiri nina wazimu."

Mama alikaanga kwa kitunguu na nyanya. Unga wetu wa ugali ulikuwa umebaki Buffalo, tukala na wali. Waliongea mpaka giza likaingia, kuhusu kisima kilichokuwa kinakauka, kuhusu mganga mkuu aliyekuwa akiimba wodini, kuhusu udongo mwekundu usiotoka kwenye nguo. Yale asiyokuwa nayo mmoja, mwingine alikuwa nayo.

Siku ya kuhama

Kama si theluji tungekuwa na siku nne naye. Tulikuwa na ile moja, na kesho yake ilikuwa ya kuhama. Mpwa alipiga simu kwamba treni yake imechelewa kwa upepo, na watu wa gari walikuwa wameshafika.

Hapo mdogo wangu akashika kazi. Alimvisha Sista soksi nene, akamwinua kitini bila kumvuta mkono, akamshusha kizingiti hatua kwa hatua, huku akimwambia kwa Kiswahili cha kukatakata, "Polepole, Sista. Mguu huu kwanza. Sasa huu." Sista alikuwa akimtii na kumchunguza.

"Wewe ni nesi?" akauliza.

"Bado," Haruko akasema. Mimi sikuwa najua kwamba ana nia hiyo. Mama naye alikuwa hajui, nilimwona akigeuka.

Nyumba ya wazee ilikuwa safi, yenye joto, na dirisha la chumba chake lilitazama mto. Haruko alijaribu godoro kwa mkono, akasogeza taa ifikike, akapanga viatu vya ndani pale mguu utakapogusa. Mhudumu alipoita kutoka mlangoni, "Haruko-san!", wote wawili waliitika pamoja, na mhudumu akabaki ameduwaa na trei yake.

Mpwa akafika. Treni yetu ya kurudi Tokyo ilikuwa inakaribia. Mama akamfunga Sista kitenge mabegani, akakirekebisha, akakirekebisha tena ingawa kilikuwa kimekaa sawa.

"Haya, Sista," akasema. "Kwaheri."

Sista alikataa kuagwa akiwa kitini. Alijiegemeza kwa Haruko, akasimama, akatembea nasi ukumbi mzima mpaka mlango wa nje, palipokuwa na teksi.

"Kule kambini," akasema, "mabasi yalikuwa yanachukua watu asubuhi. Wengine wanarudi kwao, wengine wanakwenda nchi za mbali. Mimi niko wodini, nasikia injini tu. Nikitoka nje, vumbi. Sikumuaga hata mmoja." Akamshika mama mikono yote miwili. "Leo namuaga mtu."

Akainama, chini sana, zaidi ya mgongo ule ulivyoweza, mpwa akimshika kiuno. Teksi ikaondoka. Mama alikuwa amegeuka nyuma mzimamzima, amepiga magoti kwenye kiti kama mtoto, na alimwambia dereva kwa Kiswahili, "Polepole, baba, polepole." Sijui dereva alielewa nini, lakini alipunguza mwendo.